Nyaraka zote zipo, roli la kaboni halina mkunjo: kwa nini likataliwe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, niko Ulaya mwaka wa 5 sasa, kwenye kiwanda kinachotengeneza vipande vya mabawa ya ndege. Nilikuwa mkaguzi wa mapokezi upande wa chuma. Kule kazi ilikuwa wazi: bamba la alumini likiingia napima ugumu, napima unene, nalinganisha na cheti, nagonga muhuri. Mwezi uliopita nimehamishiwa upande wa vitu visivyo chuma, yaani kaboni, gundi, silanti (ile ya kuzibia mianya) na raba, na nimechanganyikiwa. Wiki iliyopita mkuu wangu alilikataa roli zima, yaani jora, la kaboni, mali ya fedha nyingi, nyaraka zote zipo na halina hata mkunjo, kwa sababu tu kinasa joto kilichosafiri nalo kilikuwa na pengo la saa 31 bila kumbukumbu. Siku 2 baadaye akaondoa stoo makopo ya silanti yaliyopitwa na tarehe kwa siku 4. Hii ni sayansi au ni urasimu? Na mimi nikisimama pale mezani, nakagua nini hasa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nikujibu kwanza kwa ufupi usije ukalala na dukuduku. Kwenye roli mkuu wako amefanya sawasawa; hata mezani kwangu lisingepita. Kwenye makopo nadhani alikuwa na haraka, maana palikuwa na njia nyingine, nitaieleza mbele. Ila swali lako la mwisho ndilo zito, kwa sababu mtu akilijibu vibaya anaweza kugonga mihuri miaka 20 asiwe amekagua kitu.

Wewe umelelewa na chuma, na chuma kina tabia ya nondo. Nondo inakufikia imekwisha kukamilika. Waliyeyusha wao, wakavuta wao, wakapoza wao. Wewe unakata na kufunga. Ukitaka kujua kama ni nzuri, unaipima yenyewe. Pripregi (ndiyo hiyo kaboni ya roli lako), silanti na gundi za filamu zina tabia ya saruji. Mfuko ulionunua si zege. Zege utalitengeneza wewe, kwa maji yako na fundi wako, na mfuko uliokaa msimu mzima wa masika kwenye stoo inayovuja unaweza kuwa na nembo ileile, uzito uleule na risiti isiyo na doa. Nyumbani kila aliyewahi kujenga hata banda la kuku anajua kuuminya mfuko kwa vidole akitafuta mabonge. Shida ya kaboni ni kwamba haina mabonge ya kuminya. Iliyoharibika na iliyo nzima zote nyeusi, zote zinang'aa.

Tulifungue hilo roli tuone kilichomo. Pripregi ni nyuzi za kaboni zilizokwisha kulowekwa resini ya epoksi, yaani gundi inayogeuka ngumu, na ndani ya resini hiyo kigumishi kimeshachanganywa. Maana yake ule mmenyuko unaoigeuza resini kuwa ngumu kama jiwe ulianza siku ileile ya kuchanganya. Baridi haiuzuii, inauchelewesha tu. Ndiyo maana roli linasafiri kwenye barafu kavu na kulazwa kwenye friza la nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Kwa pripregi nyingi za kupikwa kwa nyuzijoto 180, ukiiweka hivyo inakaa kama miezi 12. Ukiitoa kwenye joto la karakana, nyuzijoto 21 hivi, umri wake unahesabiwa kwa siku: zipo za siku 10, zipo za siku 30 na zaidi, kila spesifikesheni, yaani waraka wa masharti ya bidhaa, na yake. Kila roli lina kadi, na kila likitoka friza saa inaandikwa, likirudi inaandikwa. Saa za nje zinajumlishwa; hazirudishwi kwa kulirejesha kwenye baridi.

Sasa zile saa 31. Kwa makadirio ya mafundi, kasi ya mmenyuko wa namna hii hupanda karibu mara 2 kwa kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka. Kama roli lako lilikuwa bado kwenye barafu na ni betri ya kinasa tu iliyokata, saa 31 hizo si kitu. Kama lilikuwa kwenye kontena lililoachwa juani, ndani kukafika nyuzijoto 50, basi kila saa moja ilikula kama saa 8 za karakana. Saa 31 zinakuwa karibu siku 10. Kwa pripregi ya siku 30 umepoteza theluthi ya uhai. Kwa ya siku 10 roli limekwisha kabla hujalipokea. Kati ya sifuri na kumi, jibu ni lipi? Hakuna anayejua. Saa unayoijua unaipunguza kwenye kadi na kazi inaendelea. Pengo huwezi kulipunguza. Kinasa kingeonyesha kwamba lilikaa nje saa 31 kwa nyuzijoto 20, pengine leo lingekuwa linakatwa.

Najua utakachouliza: si tungekata kipande tukipeleke maabara? Inawezekana, na wenye spesifikesheni wakati mwingine hukubali. Maabara itapima muda wa resini kuganda kwenye bamba la moto, itapima inavyotiririka, itapima joto linalobaki kutolewa na mmenyuko. Lakini vipimo hivyo vina nafasi pana kati ya kiwango cha chini na cha juu, na resini iliyokwisha kula theluthi ya umri wake inaweza ikapita humo bila kugusa ukingo. Kipimo kitakuambia leo iko hai. Hakitakuambia itakuwa hai siku ya 18, ikiwa imelazwa kwenye ukungu (kalibu) wa bawa, tabaka la 40 juu ya tabaka la 39, ikisubiri autoklevu, yaani tanuri la mgandamizo. Resini iliyozeeka ikiingia humo, hata ukiipa joto lote la 180 na mgandamizo wa baa 6 au 7, haitiririki ikajaza. Inabakiza vitundu vya hewa kati ya matabaka. Na vitundu si suala la sura: kila asilimia 1 ya ujazo wake inapunguza nguvu ya matabaka kushikana kwa karibu asilimia 7.

Watu wakitaja ndege ya Aloha husema uchovu wa chuma, yaani nyufa zinazotokana na mzigo wa kurudiarudia. Ni kweli, ila simulizi ile inaanzia kwenye gundi. Tarehe 28 Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines, ikitoka mji wa Hilo kwenda Honolulu, huko Hawaii, iling'oka karibu mita 5.5 za paa ikiwa angani. Mhudumu mmoja alichukuliwa na upepo, hakuonekana tena. Wengine wote walitua hai kisiwa cha Maui. Kwenye 737 za mwanzo, mahali bati la mwili linapolalia bati jingine paligandishwa kwa kitambaa chembamba kilicholowekwa epoksi. Kitambaa hicho kilihifadhiwa kwenye baridi kali hadi saa ya kutumika, kisha kikaachwa kiive kwa joto la kawaida la karakana. Kitu cha baridi ukikitoa hewani, unyevu hutua juu yake. Unyevu huo, au uso wa bati usioandaliwa vizuri, uliacha sehemu zilizogusana bila kushikana. Humo maji yakapenya, kutu ikafuata, na mzigo ambao ungebebwa na gundi ukahamia kwenye riveti, ile misumari ya kubana mabati. Nyufa zikaanzia kwenye matundu ya riveti. Ndege ilikuwa na miaka 19 na safari 89,680. Boeing yenyewe ilikuwa imeachana na njia ile mwaka 1972, baada ya ndege ya 291. Wachunguzi waliyatwika lawama matengenezo ya shirika kwa kutouona uharibifu, na ni haki. Lakini mimi mtu wa mapokezi nikiisoma habari ile, jicho langu linatua kwenye kitambaa kile kilichotoka baridini na fundi aliyekuwa na haraka.

Fundi mwenye haraka namjua vizuri. Nilishawahi kuwa yeye. Nilikuwa kijana, kiwanda nisichokitaja, zamu ya usiku. Sheria inasema roli likitoka friza libaki ndani ya mfuko wake uliofungwa hadi lifikie joto la chumba, na alama ya kufungua ni kwamba nje ya mfuko hapana tena umande. Roli kubwa linaweza kuhitaji usiku kucha. Msimamizi wa uzalishaji alisimama mlangoni na saa yake, mimi nikapitisha kiganja juu ya mfuko, nikaona unyevu kidogo kwenye pembe, nikajiambia ni pembe tu. Nikafungua. Umande ule ambao ungebaki nje ya plastiki ukatua juu ya kaboni. Haukuonekana, maana kaboni ni nyeusi na maji hayana rangi. Siku 2 baadaye paneli ilipopita kwenye altrasaundi, ramani yake, ambayo ilitakiwa iwe ya rangi moja kama maji ya bahari yaliyotulia, ilitoka na madoadoa kama ngozi ya kanga, yote upande mmoja, upande nilikoanzia kufungua. Maji yaligeuka mvuke ndani ya autoklevu na kujitafutia nafasi. Paneli ikakatwa kwa msumeno mbele yangu. Tangu hapo nikisikia mtu anasema "ni pembe tu" nasogea karibu.

Kwa hiyo unakagua nini? Unakagua safari. Chuma unakikagua mwili. Hivi vingine unavikagua historia. Kinasa joto, kadi ya saa za nje, tarehe ya kutengenezwa, muhuri wa mfuko, jina la kiwanda, namba ya bechi. Vipimo vya maabara vipo na utavifanya: uzito wa nyuzi kwa mita ya mraba, kiasi cha resini, kiasi cha vitu vinavyopeperuka, nguvu ya kukatika kati ya matabaka. Ila usivielewe vibaya. Hapa ndipo wakaguzi wengi waliotoka upande wa chuma hujikwaa.

Anayesanifu bawa hatumii nguvu ya roli lako. Anatumia namba iliyopatikana zamani, wakati pripregi hiyo ilipoidhinishwa, kutokana na bechi kadhaa na mamia ya sampuli zilizovunjwa: za kavu, za unyevu, za joto, za baridi. Kwa kipande ambacho kikivunjika hakuna kingine cha kubeba mzigo, anatumia namba ambayo angalau asilimia 99 ya sampuli zote zitaifikia au kuizidi, kwa uhakika wa asilimia 95. Penye njia ya pili ya kubeba mzigo, ni asilimia 90 kwa uhakika uleule. Namba hizo ni za ukoo mzima, si za roli moja. Ukivunja vipande 5 pale maabara vikatoka na nguvu nzuri, hujathibitisha kwamba roli ni imara. Umethibitisha kwamba halionyeshi dalili ya kuwa nje ya ukoo ule. Ndiyo maana mtengenezaji akihamisha laini ya uzalishaji kwenda mji mwingine, au akibadilisha mafuta anayopaka nyuzi kabla ya kuzilowesha, bidhaa inaweza kulazimika kuidhinishwa upya hata kama jina kwenye lebo halikubadilika hata herufi. Na ndiyo maana roli lililotoka na nguvu kupita kiasi linapaswa kukushtua sawa na lililopungua. Mtoto mrefu kuliko ukoo wote, watu huuliza.

Ukirudi nyumbani likizo ukaiona Dreamliner ya Air Tanzania au ya Kenya Airways, kumbuka kwamba karibu nusu ya uzito wa umbo lake ni vitu vya namna hii. A220, ndege ya Airbus, nayo mabawa yake yanatoka Belfast, na huko wamepita njia nyingine: wanapanga nyuzi kavu kwenye ukungu, kisha resini inasukumwa ndani kipande kikiwa kwenye autoklevu. Friza la nyuzi linakuwa halina kazi. Usidhani mkaguzi amepumzika. Saa ya kuhesabu imehama tu kutoka kwenye roli kwenda kwenye pipa la resini, na nyuzi kavu nazo hunywa unyevu.

Tuje kwenye makopo yako. Kama ni silanti ya polisulfidi ya kuzibia matangi ya mafuta, kopo litakuwa limeandikwa kitu kama B-2. B ni uzito wake, yaani nzito ya kusukumwa kwa bunduki au kutandazwa kwa mwiko, siyo nyepesi ya kupaka kwa brashi ambayo ni A. Hiyo 2 ni saa 2: tangu uchanganye, una saa 2 za kufanya kazi kabla haijaanza kukugomea. Ile tarehe ni ukomo wa dhamana ya mtengenezaji, kwa sharti kwamba kopo lilikaa mahali penye ubaridi, kwa kawaida chini ya nyuzijoto 27. Silanti haifi usiku wa manane wa tarehe hiyo. Kopo lililokaa stoo ya moto linaweza kufa miezi mingi kabla, na hakuna tarehe itakayokuambia.

Kwa hiyo kwa siku 4 si kila mara kutupa. Spesifikesheni nyingi zinaruhusu kupima upya: unachukua seti moja ya bechi ileile, unachanganya, unaangalia inatoka kwenye bunduki kwa kasi gani baada ya saa 2, inaacha kunata lini, inafikia ugumu wa 30 kwenye kipimo cha Shore A ndani ya muda uliowekwa au la, na unaibandua kwenye bamba kuona inang'ang'ania au inachomoka kama ngozi ya ndizi. Ikifaulu, mwenye spesifikesheni anaweza kuiongezea muda. Sharti ni kuomba kabla ya kutumia, si baada. Sasa kama makopo yalikuwa 3, mkuu wako alipiga hesabu akaona maabara ni ghali kuliko makopo, na hapo simlaumu. Kama yalikuwa 60, ningemuuliza kwa adabu kama amewahi kusoma kifungu cha kupima upya. Wapo wakuu wanaotupa ili waonekane wakali.

Kwenye silanti hiyo, bora uzito wako wote uuweke kwenye mchanganyiko kuliko kwenye tarehe. Msingi ni mweupe, kigumishi ni cheusi, na rangi hizo zina kazi. Chota kidogo, kitandaze kwenye karatasi nyeupe kwa mwiko. Ukiona mistari, hata mmoja mwembamba kama uzi wa buibui, haijachanganyika, na pale penye mstari mweupe haitaiva leo wala mwakani. Kisha jaza kikombe kidogo kutoka mchanganyiko uleule, andika namba ya kazi, kiweke kando ya kipande kiive pamoja nacho. Hicho ndicho shahidi wako. Wajenzi nyumbani wanafanya vivyo hivyo na vibonge vya zege vya kwenda kupasuliwa maabara. Huwezi kukipima kilichoko ndani ya tangi bila kukiharibu, basi unampima pacha wake.

Raba nayo ina hila yake. Chukua oringi 2 nyeusi, zile pete za raba za kuzibia, kipenyo kimoja, moja ya raba ya nitrili na nyingine ya raba ya EPDM. Ziweke mezani, mwite fundi mwenye miaka 30 kazini, muulize ipi ni ipi. Hatajua, na akisema anajua usimpe kazi. Nitrili inaelewana na mafuta mekundu ya haidroliki yatokanayo na petroli, lakini Skydrol, yale ya zambarau ya ndege kubwa za abiria, inaitafuna. EPDM ni kinyume: kwenye Skydrol imetulia, kwenye mafuta mekundu inavimba kama maharage yaliyolowekwa. Kinachozitenganisha ni maandishi ya kwenye pakiti. Oringi iliyotoka kwenye pakiti yake ikalala mezani peke yake si oringi tena, ni takataka ya mviringo, hata kama ni mpya. Kwenye pakiti hiyo utakuta pia robo ya mwaka raba ilipoivishwa, maana nitrili inahesabiwa miaka 15 ya stoo kwa mwongozo unaotumika sana wa SAE, chama cha wahandisi, wakati EPDM haikuwekewa ukomo. Na hayo ni kwa pakiti iliyofungwa, mbali na jua na mota za umeme zinazozalisha ozoni.

Wenzako wa uzalishaji watakuambia: mbona mwisho wa yote kuna altrasaundi? Ipo, na ni nzuri. Inaona vitundu, inaona matabaka yaliyoachana, mara nyingi inaona hata karatasi ya plastiki ya kufunikia pripregi iliyosahaulika kati ya tabaka na tabaka. (Hata hivyo zihesabu. Plastiki zilizobanduliwa ziwe sawa na matabaka yaliyolazwa; ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili na imeokoa paneli nyingi.) Isichokiona ni gundi iliyogusa bila kushika. Nyuso 2 zimekaribiana kabisa, wimbi la sauti linapita kama kawaida, ramani inatoka safi, na nguvu ni sifuri. Wazungu wanaiita gundi ya busu, na wamepatia. Mara nyingi chanzo ni uchafu usioonekana, na silikoni ndiyo mbaya zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa usiingie chumba cha kulaza kaboni umepaka losheni mikononi, usiudhike ukaona unaonewa. Losheni nyingi zina silikoni, na alama ya kidole inatosha. Mimi mke wangu alinitafutia mafuta ya nazi, na hata hayo niliyapaka usiku tu.

Kugongagonga kwa sarafu au kinyundo ukisikiliza mlio bado kuna nafasi yake, hasa kwenye vipande vyenye kiini cha sega la nyuki. Lakini kuna mipaka. Tarehe 6 Machi 2005 Airbus A310 ya Air Transat iliyotoka Varadero, Kuba, ilipoteza karibu usukani wote wa mkia ikiwa juu ya bahari. Ilirudi ikatua salama, na wachunguzi wakasema mpango wa ukaguzi uliokuwepo haukutosha kuzigundua kasoro zote za usukani wa namna ile. Na tatizo hili si la kaboni tu. Tarehe 31 Machi 1931 ndege Fokker F-10 ya shirika la TWA ilianguka Kansas ikaua watu 8, akiwemo Knute Rockne, kocha aliyekuwa mashuhuri Marekani nzima. Bawa lake lilikuwa la mbao. Unyevu uliingia ukaila gundi ndani, na hapakuwa na namna ya kuiona bila kubandua ngozi ya plaiwudi. Baada ya hapo abiria na mashirika wakaikimbia mbao, wakakimbilia chuma, kwa sababu hiyohiyo uliyokipendea wewe: unakipima chenyewe.

Kuna mahali pawili ambapo historia yote niliyokusifia inaweza kukudanganya. Pa kwanza, karatasi ikiwa ya uongo. Mwaka 2010 ilifichuka Japani kwamba Koito Industries, mtengenezaji wa viti vya ndege, alikuwa amebuni na kubadilisha matokeo ya vipimo, vya nguvu na vya moto, kwa takribani viti 150,000 kwenye ndege karibu 1,000. Vyeti vilikuwa vizuri kuliko vya watu wakweli. Dawa yake ninayoijua ni moja: mara mojamoja, bila kuaga, chukua sampuli upeleke maabara isiyo ya muuzaji. Na ukiona matokeo ya bechi 12 yanafuatana bila kuyumba hata desimali, uliza. Vitu hivi havina nidhamu hiyo.

Pa pili ni pagumu zaidi: karatasi kweli, kipimo kweli, mkaguzi mwaminifu, lakini kipimo hakifanani na hatari. Swissair 111, ndege aina ya MD-11 iliyotoka New York kwenda Geneva, iliwaka moto ikaanguka baharini karibu na Nova Scotia tarehe 2 Septemba 1998, watu 229 wakafa wote. Moto ulianzia juu ya dari, karibu na chumba cha marubani, nyaya zilipotoa cheche, ukashika ngozi ya mablanketi ya kuzuia joto na kelele. Ngozi hiyo ilikuwa plastiki nyembamba ya PET iliyopakwa metali. Ilikuwa imefaulu kipimo cha moto kilichotakiwa wakati ule: kipande kinaning'inizwa wima, mwali mdogo unawekwa chini yake sekunde 12, kisha unaondolewa. Plastiki nyembamba ikiwekewa mwali hivyo hujikunja ikaukwepa, na kipande kikapita. Juu ya dari, ikiwa imelala mita nyingi mfululizo, haikuwa na pa kukwepea. Mwaka 2000 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliamuru mablanketi yale yang'olewe, na mwaka 2003 ikaleta kipimo kipya ambamo kipande kinalazwa chini ya paneli ya joto ili ionekane moto unatambaa umbali gani. Hakuna mkaguzi wa mapokezi angeweza kuyazuia mablanketi yale kwa muhuri wake. Ila angeweza mmoja wao kushika kipande kilichojikunja, akasema: hiki hakijashinda moto, kimeukimbia. Maneno kama hayo yaandike, hata kama kipande kimepita. Yapeleke kwa wahandisi kwa karatasi, si kwa mdomo kwenye mstari wa chai.

Jumatatu ukifika kazini, kabla ya kushika chochote, omba spesifikesheni ya hilo roli uisome yote, hasa kurasa za nyuma za ufungaji na usafirishaji ambazo hakuna anayezisoma. Uone imesema nini kuhusu pengo la kumbukumbu. Kisha mwandikie muuzaji aweke vinasa 2 kila sanduku badala ya kimoja. Ni vya bei ndogo ukilinganisha na roli lililorudishwa. Roli lenyewe lisirudi kwenye friza moja na mazima hata kwa siku moja wakati wakubwa wanabishana. Litafutieni mahali pake, pamefungwa, na ufunguo uwe kwako.

Na yale makopo ya silanti, kabla hayajatoka getini, hakikisha yamepigwa rangi nyekundu na kutobolewa. Kama kuna chuo kinayaomba ya kufundishia, wapeni, ni jambo jema, ila andikeni "si ya ndege" kwenye kopo lenyewe na siyo kwenye boksi. Boksi hutupwa. Nimewahi kulikuta kopo la namna hiyo limerudi kwenye rafu yangu, limefutwa vumbi vizuri, na aliyelirudisha alidhani ananisaidia.